PUNJE NZIMA NA NGOZI YA MTU

Chukueni punje moja ya hindi kavu, mkailoweke katika maji usiku kucha. Asubuhi ganda lake la nje litakuwa limelegea, nanyi mtaweza kulimenya kwa ukucha. Kisha ipasueni punje kwa kisu, mtazame ndani. Mtaona kwamba sehemu kubwa ni unga mgumu mweupe. Lakini chini, karibu na ncha ile iliyoshikamana na gunzi, kuna kipande laini chenye rangi ya manjano hafifu, nacho kina mafuta. Hicho ndicho kiini. Mkipanda punje, mche huchipuka katika kiini, na ule unga mweupe ni akiba tu ya kuulisha mche mpaka upate mizizi na majani yake wenyewe.

Kiini ni kama sehemu moja katika kumi ya uzito wa punje, lakini karibu mafuta yote ya hindi yamo humo, pamoja na vitu vingi vingine vifaavyo kwa mwili. Sasa kumbukeni jinsi unga wa sembe ufanywavyo. Mama hutia mahindi kinuni, huyanyunyizia maji, huyatwanga, kisha huyapepeta kwa ungo, na pumba hutoka pamoja na viini. Mashine ya kukoboa hufanya kazi hiyo hiyo kwa upesi zaidi. Kilichobaki husagwa, kikawa unga mweupe kama theluji ya Kilimanjaro, wa kupendeza sana machoni pa wageni. Na pumba je? Pumba hupewa kuku. Sijui kama mmewahi kujiuliza ni nani katika nyumba ile aliyepewa sehemu iliyo bora.

Kuku wamo katika kisa cha kwanza cha somo hili. Katika kisiwa cha Java, wakati kilipokuwa chini ya Waholanzi, palikuwa na ugonjwa mbaya ulioitwa beriberi. Mtu aliyeshikwa nao miguu yake ilikufa ganzi, akayumba katika kwenda, mwisho moyo wake ukashindwa, akafa. Askari na wafungwa ndio waliopatwa zaidi. Serikali ilimweka huko tabibu mmoja, jina lake Christiaan Eijkman, aitafute sababu. Yeye, kama watu wengi wa siku zile, alidhani kwamba kuna kijidudu kiletacho maradhi hayo, akawafuga kuku ili awajaribu kwa damu ya wagonjwa.

Hata mwaka wa 1889 kuku wakaanza kuyumba, hawawezi kusimama. Hao waliodungwa damu waliugua, na wasiodungwa waliugua vilevile. Kisha kwa ghafula wote wakapona! Eijkman alistaajabu, akauliza habari za chakula chao. Akaambiwa kwamba kwa miezi michache mtumishi alikuwa akiwalisha wali uliobaki katika jiko la hospitali ya askari, yaani wali wa mchele mweupe uliokobolewa sana. Baadaye akaja mpishi mpya, naye akakataa kabisa wali wa serikali kupewa kuku wasio wa askari. Basi wakarudishiwa mchele wa kawaida wenye wishwa wake. Ukali wa mpishi yule ndio uliowaponya kuku, na hatimaye ukawaponya watu maelfu.

Habari hii ikapelekwa magerezani ili ithibitishwe. Tabibu mwingine, Adolphe Vorderman, alikagua magereza 101 ya Java. Palipoliwa mchele mweupe, mfungwa mmoja katika kila 39 alikuwa na beriberi. Palipoliwa mchele usiokobolewa sana, ni mmoja tu katika 10,000. Leo twajua kwamba katika wishwa wa mchele mna vitamini iitwayo B1, ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo.

Beriberi hushika mishipa na moyo. Lakini uko ugonjwa mwingine wa jamaa yake ambao huandika habari zake juu ya ngozi, mahali ambapo kila mtu aweza kuzisoma. Tuuangalie huo kwa kirefu zaidi, kwa sababu chanzo chake ni mahindi, nayo mahindi ndiyo chakula cha wengi wetu.

Mahindi asili yake ni Amerika. Wenyeji wa Meksiko waliyalima na kuyala kwa maelfu ya miaka, nao hawakusumbuliwa na ugonjwa huu. Lakini walikuwa na desturi moja: kabla ya kusaga, waliyachemsha mahindi katika maji ya chokaa au ya majivu, wakayaacha humo usiku, kisha wakayaosha. Wageni kutoka Ulaya walipoyaona mahindi waliyapenda, wakayachukua mpaka Hispania na Italia, na Wareno wakayaleta katika pwani za Afrika. Waliichukua mbegu, lakini desturi ya chokaa waliiacha nyuma. Huenda waliiona kuwa ni jambo la kishenzi tu.

Katika mwaka wa 1735 tabibu wa Hispania aitwaye Gaspar Casal aliona maskini wa jimbo la Asturias wenye ngozi iliyobadilika vibaya. Migongo ya mikono na ya miguu ilikuwa myekundu, kisha ikawa nyeusi, yenye magamba na nyufa. Shingoni palikuwa na alama ya kuzunguka kama mkufu, na hata leo matabibu huiita mkufu wa Casal. Aliandika kwamba watu hao walikula mahindi karibu peke yake. Katika Italia ugonjwa huo ulipewa jina la pelagra, maana yake ngozi ya kukwaruza. Wala haukukoma katika ngozi: baada ya ngozi lilifuata tumbo la kuhara, baada ya tumbo wazimu, na baada ya wazimu kifo.

Miaka mingi ikapita. Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra ikatokea katika majimbo ya kusini ya Marekani, ikaenea kama moto wa nyika. Watu wa huko walikuwa wakilima pamba, na wengi hawakuwa na shamba lao wenyewe. Walilima la tajiri kwa kugawana naye mavuno, na pamba ilipandwa mpaka mlangoni, isibaki nafasi ya bustani wala ya kufunga ng'ombe. Chakula chao kilikuwa ni unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe, na asali nzito ya miwa. Tena wakati huo zilikuwa zimeingia mashine mpya za kuondoa kiini cha hindi, ili unga udumu dukani na kusafirishwa mbali bila kuharibika. Hivyo maskini walinunua unga uliokwisha kuvuliwa kiini chake.

Hofu ilikuwa kubwa. Wengi waliamini kwamba pelagra yaambukiza, wakawaogopa wagonjwa kama watu walivyowaogopa wenye ukoma. Zilikuwapo hospitali zilizokataa kuwapokea. Fikirini jambo hilo: mtoto mwenye njaa, na alama ya njaa yake iko shingoni, naye afukuzwa kwa ajili ya alama ile!

Mwaka wa 1914 serikali ya Marekani ilimtuma Joseph Goldberger kuichunguza pelagra. Mtu huyu alizaliwa mwaka wa 1874 katika milki ya Austria na Hungaria, akaletwa New York na wazazi wake angali mtoto. Katika safari yake ya kwanza kusini aliingia katika hospitali za wagonjwa wa akili na nyumba za mayatima, akaona jambo ambalo wengine walikuwa wamelipita tu. Wagonjwa walikuwa na pelagra, lakini wauguzi waliolala chini ya dari ile ile na kuwagusa kila siku hawakuwa nayo hata mmoja. Ni ugonjwa gani wa kuambukiza unaochagua namna hiyo?

Katika nyumba za mayatima zilizoko Jackson, katika jimbo la Mississippi, aliona jambo jingine la ajabu zaidi. Watoto wadogo wa chini ya miaka sita hawakuugua sana. Wakubwa waliopita miaka 12 hawakuugua sana. Walioshikwa walikuwa ni wale wa katikati, yaani wa umri wenu ninyi msomao somo hili. Goldberger hakuuliza habari za hewa wala za maji; alikwenda mezani. Wadogo walipewa maziwa, kwa kuwa ni wadogo. Wakubwa walipewa nyama, kwa kuwa walifanya kazi. Wa katikati, ambao hawakuhesabiwa kuwa wachanga wala kuwa wafanya kazi, walipewa uji wa mahindi, mkate wa mahindi, na asali ya miwa.

Basi akawaomba wenye nyumba zile wabadilishe chakula, na serikali ikalipa gharama. Watoto wakapewa maziwa, mayai, nyama, maharagwe na dengu. Hakuna jingine lililobadilishwa: vitanda ni vile vile, maji ni yale yale. Mwaka ulipozunguka, katika watoto zaidi ya 170 waliokuwa wagonjwa mwaka uliotangulia na ambao walikuwa wangaliko, ni mmoja tu aliyeonekana na pelagra tena. Ngozi za wengine zilikuwa laini.

Mtaona kwamba jambo lilikuwa limekwisha, lakini haikuwa hivyo. Wakubwa wengi wa matabibu hawakusadiki. Kwa hiyo mwaka wa 1915 Goldberger alifanya jaribio lililo gumu zaidi. Katika shamba la gereza la Rankin, katika jimbo la Mississippi, wafungwa 12 walikubali kula chakula cha maskini wa kusini kwa miezi sita, nao wakaahidiwa na gavana kwamba mwisho wake watasamehewa kifungo. Walikula unga mweupe wa ngano na wa mahindi, mchele, viazi vitamu, mboga kidogo, na asali ya miwa. Maziwa, mayai, nyama na maharagwe hawakupewa. Mmoja aliondolewa kwa maradhi mengine. Katika 11 waliobaki, sita walipata alama za pelagra katika ngozi zao. Wafungwa wengine wa shamba lile, waliokula chakula cha namna nyingi, hawakupatwa hata mmoja. Mimi nasitasita kidogo nisomapo habari hii, kwa kuwa mfungwa atakaye uhuru hana hiari iliyo kamili, na siku hizi jaribio kama hilo lisingeruhusiwa kwa urahisi.

Hata hivyo wapinzani hawakunyamaza. Ndipo mwaka wa 1916 Goldberger alipojitoa yeye mwenyewe. Yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa wa pelagra, wakachukua magamba ya ngozi na uchafu mwingine wa wagonjwa, wakauchanganya na unga na kuumeza. Mary, mkewe, akaomba naye adungwe damu ile. Hakuna aliyepata pelagra.

Tena, pamoja na mwenzake Edgar Sydenstricker, aliyekuwa mtaalamu wa uchumi, alihesabu nyumba baada ya nyumba katika vijiji vya viwanda vya pamba vya South Carolina. Wakaona kwamba pelagra ilipungua kadiri kipato cha nyumba kilivyozidi, na palipokuwa na ng'ombe wa maziwa au soko la vyakula vibichi ilipungua pia. Jambo hili liliwaudhi wengi, kwa kuwa lilionyesha kwamba dawa ya pelagra si ya duka la dawa tu, bali ni ya ujira na ardhi. Mto Mississippi ulipofurika mwaka wa 1927, hamira kavu iligawiwa kwa watu kuwa dawa, maana Goldberger alikuwa amekwisha kuona kwamba hamira huponya. Alikufa mwaka wa 1929 bila kukijua kwa jina kitu kile alichokitafuta. Mwaka wa 1937 Conrad Elvehjem wa Wisconsin alikitambua: ndicho kiitwacho sasa naiasini, au vitamini B3.

Sasa twaweza kuifahamu desturi ya Meksiko. Katika hindi mna naiasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo la mtu haliwezi kuifungua, chokaa huifungua. Kwa hiyo ni lazima niseme wazi: hindi lisilokobolewa ni bora kuliko lililokobolewa, lakini lisipotiwa chokaa, nalo likiliwa peke yake halitoshi kuizuia pelagra. Lahitaji wenziwe chunguni. Karanga zina naiasini nyingi sana, kadhalika samaki na nyama. Maziwa na mayai yanayo kidogo, lakini yana kitu kingine ambacho mwili wenyewe hukigeuza kuwa naiasini.

Wala msidhani ya kwamba hizi ni habari za Marekani na za zamani tu. Katika vita vya Msumbiji, watu mamia ya maelfu walikimbilia Malawi, wakakaa makambini wakilishwa mahindi ya msaada, pamoja na karanga. Mwaka wa 1990 karanga zilikosekana. Katika miezi michache watu zaidi ya 17,000 walipata pelagra, na wengi wao walikuwa wanawake. Matabibu walipokwenda kuhesabu waliona kwamba waliokuwa na bustani, na waliokula karanga, na waliosaga mahindi yao wenyewe nyumbani, walipatwa kwa uchache kuliko wengine. Kiganja cha karanga ndicho kilichokuwa kimesimama katikati ya watu wale na maradhi.

Tukirudi nyumbani, twaona kwamba mababu walikuwa na vyakula vingi ambavyo haikuwa rahisi kuviharibu. Ulezi ni punje ndogo mno, nao kwa kawaida husagwa mzima. Dagaa huliwa na kichwa chake na mifupa yake, na katika mifupa ile mna madini yafaayo kwa mifupa yetu. Kunde, choroko na maharagwe huliwa na maganda yake. Mapapai, maembe, viazi vitamu vya rangi ya manjano, na mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu, vina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtu akikosa hiyo macho yake hayaoni vema jioni, na ngozi yake huwa kavu na ya kukwaruza. Iko kasoro moja tu jikoni mwetu: wengi huzichemsha mboga sana, kisha huyamwaga maji. Vitamini za jamii ya B huyeyuka katika maji, hivyo amwagaye maji ya mboga amwaga na sehemu ya chakula. Maji yawe machache, nayo yabaki kuwa mchuzi.

Nimewaona vijana wanunuao mafuta ya gharama ya kupaka usoni, huku nyumbani wakiona haya kuonekana na ugali wa dona kwa kuwa si mweupe. Mafuta hulainisha ngozi kwa nje kwa muda wa siku moja. Lakini ngozi hujengwa upya kutoka ndani kila siku, na mjenzi hana udongo mwingine ila ule atolewao sahanini.

Lakini msizidishe maneno hayo. Si kila kiwashacho kwenye ngozi kimetoka chunguni. Upele uwashao usiku katikati ya vidole huletwa na kidudu kidogo kichimbacho ngozini, nao hutaka dawa na kufua nguo za nyumba nzima. Mapunye ya kichwani huletwa na kuvu. Baka lisilosikia maumivu likichomwa huenda likawa ukoma, nao siku hizi waponyeka kabisa kwa dawa. Hilo lipelekwe hospitali bila kukawia. Chunusi za ujana nazo huja hata kwa mtu alaye vizuri. Kumcheka mtu kwa ajili ya ngozi yake ni ujinga, kwa kuwa mchekaji hajui sababu.

Imebaki habari ya kuutunza unga wa dona, kwa maana ni hapo watu wengi hushindwa. Yale mafuta ya kiini, yaliyo mema kwa mwili, ndiyo yaufanyayo unga uchache upesi ukawekwa siku nyingi. Kwa hiyo wafanya biashara hupenda sembe, iwezayo kukaa ghalani na kusafiri. Basi mahindi yakae yakiwa punje, yakaushwe vizuri juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo mtupu. Yachaguliwe kwa mkono kabla ya kusagwa, na kila punje yenye ukungu au iliyovunda itupwe, hata kuku wasipewe. Ukungu ule una sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka wa 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Isagwe debe moja au nusu yake kwa wakati, kiasi cha wiki mbili hivi, na unga uwekwe mahali pa baridi penye kivuli, katika chombo kilichofunikwa. Kabla ya kutia unga mpya, chombo kioshwe na kuanikwa juani mpaka kikauke kabisa, maana mabaki ya unga wa zamani huuharibu ule mpya. Unga uliochacha hujulikana kwa pua kabla haujafika kinywani, nao huwa mchungu kidogo ncha ya ulimi ikiugusa.